Mrejesho: Meno ya kindi yatima wa Masasi

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kindi niliyemlea tangu alipoanguka mwembeni anadondosha chakula na kutokwa mate hadi kifua kinalowa. Daktari wa mifugo alipomfunua mdomo, tuliona jino la juu limejikunja ndani na kugusa kaakaa, kwa kuwa meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua, na la chini lililopaswa kulisugua lilikuwa limevunjika. Alilipunguza kwa tupa ndogo ya mashine, si kwa koleo, ambayo huweza kulipasua hadi kwenye mzizi. Kosa ni langu: nilimzoesha korosho zilizobanguliwa, laini na zenye kalsiamu kidogo. Sasa anaguguna matawi na mifupa. Jana alitoboa kokwa la embe. Atapimwa tena baada ya wiki tatu.