Mrejesho: eksirei kabla ya kupandikiza seli shina

Wadau, niliuliza kama eksirei inamtosha mama mkubwa wa Ujiji mwenye mieloma (saratani ya seli za uboho) ya hatari kubwa (kromosomu 17 imepoteza kipande) kabla ya kupandikizwa seli shina (seli zinazozalisha damu) zake mwenyewe. Asanteni sana. Haitoshi: tundu ambalo mieloma hutoboa mfupani huonekana kwenye eksirei mfupa ukishapoteza asilimia 30 hadi 50 ya madini. Inatakiwa CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) ya mwili mzima au PET-CT (CT pamoja na picha inayoonyesha saratani iliyo hai). PET-CT ikirudiwa baada ya upandikizaji huonyesha ugonjwa uliobaki hata nje ya uboho. Seli shina zivunwe mapema, angalau milioni 2 kwa kila kilo ya uzito, maana lenalidomaidi (dawa ya mieloma) ya muda mrefu hupunguza mavuno. Melfalani, dawa kali ya saratani inayotolewa kabla ya kurudishiwa seli, ni miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Figo zikiwa dhaifu, 140. Anyonye barafu dawa ikiingia, kinywa kisichubuke. Na jamani, mgongo ukiuma msimpe diklofenaki ya duka la dawa: inaumiza figo!