Fleti za kaunti kisiwani: pingamizi gani lina uzito, na nyumba za kodi ndogo zadaiwaje?

MtuWaKisiwani
Asalaam aleikum wenyeji. Kiwanja cha kaunti chenye zile nyumba za zamani za ghorofa moja kimesimamishwa bango: fleti 400, ghorofa 12. Majirani wenye majumba yao wanakusanya sahihi za kupinga. Wanataja maji, maji taka, magari, na lile la "hadhi ya mtaa". Wapangaji walio ndani nao wanahofu wakitoka hawarudi. Pingamizi hupelekwa wapi, na muda ni gani? Hoja zipi husikizwa? Na je, yawezekana kudai nyumba za kupangisha kwa mwenye kipato kidogo, badala ya kupinga tu?

Mpimaji_Pwani
Waaleikum salaam. Kuna milango miwili na watu wengi hubisha hodi mmoja tu.

Wa kwanza ni mipango ya ardhi, chini ya sheria ya 2019. Bango la kubadilisha matumizi ya ploti kwa kawaida hutoa siku 14 za pingamizi. Lipigeni picha leo, tarehe ionekane, kwani siku huhesabiwa tangu tangazo, si tangu mulipoliona. Kaunti ikishatoa uamuzi, asiyeridhika ana siku 14 kwenda kwa kamati ya usuluhishi ya mipango ya kaunti, na baada ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Wa pili ni NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Ripoti ya athari za mazingira hutangazwa gazetini, na tangazo kwa kawaida hutoa siku 30 za maoni. Leseni ikitoka, rufaa kwa jopo la mazingira ni ndani ya siku 60.

Ripoti nzima, pamoja na barua ya kampuni ya maji, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu. Hapo ndipo watu hunaswa: siku 14 za bango huisha kabla ya zile 21. Pelekeni pingamizi fupi sasa, muandike kwamba mutaongeza hoja mukipata ripoti, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua ni kama haikufika.

"Hadhi ya mtaa" iacheni. Na ile ya "watakuja watu wa nje" haina pa kusimama: Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao bora, hakiulizi katoka wapi. Barua moja yenye nambari za kurasa za ripoti yafaa kuliko sahihi 300 chini ya maneno yale yale.

FundiBomba
Hesabu ya maji fanyeni wenyewe. Fleti 400, watu 4 kila moja, lita 100 kwa mtu: lita 160,000 kwa siku. Mjini humu maji ya mfereji ni ya zamu, kwa hivyo dai la kwanza ni tangi la chini la siku mbili. Lita 320,000 ni tangi la mita 10 kwa 8, kina mita 4. Litafuteni kwenye ramani. Likiwa halimo, mradi utaishi kwa malori: lori la lita 10,000 lije mara 16 kila siku mfereji ukikauka. Wakisema watachimba kisima, ulizeni matokeo ya kupimwa chumvi. Kisiwani ukivuta maji matamu kupita kiasi, bahari huingia chini kwa chini, na visima vya jirani huharibika pamoja na chako.

Maji taka sasa, na hapa majirani waangalie wasijikate ulimi. Asilimia 80 ya yale maji hurudi, yaani lita 128,000 kwa siku, wastani wa lita 1.5 kwa sekunde. Asubuhi watu wote wakioga, zidisha mara nne: lita 6 kwa sekunde. Bomba safi la milimita 150, lenye mteremko wa 1 kwa 150 (lashuka mita 1 kila mita 150), hubeba kama lita 12 kwa sekunde. Kwa hivyo mukisema tu "bomba halitoshi", injinia atawajibu kwa mstari mmoja. Swali zuri ni hili: bomba hilo tayari limebeba kiasi gani, na lina mchanga kiasi gani? Mchanga ukikaa hadi nusu ya kina, uwezo hushuka zaidi ya nusu, na masika yakianza uchafu hutokea kwenye mashimo ya barabarani. Daini lisafishwe na likaguliwe kwa kamera kabla ya fleti ya kwanza kuingia mtu, na sharti hilo liandikwe ndani ya leseni. Ahadi ya mkutanoni haifungi mtu.

Magari sina la kusema, mwenye mshahara wa chini hupanda matatu.

HesabuZaKodi
Swali la tatu ndilo zito. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ile ya makato ya asilimia 1.5 ya mshahara, inaita nyumba ya kijamii ile ya mwenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Lakini mpango wenyewe umeelemea kuuza. Chukua nyumba ya 960,000: amana ikiwa asilimia 10, ni 96,000. Anayepata 18,000 atoe mshahara wa zaidi ya miezi mitano bila kula. Vienna, Austria, mji unamiliki nyumba takriban 220,000 na huzipangisha, hauziuzi.

Kwa hivyo musidai "nafuu", neno hilo halina mfupa. Daini idadi ya fleti za kupangisha tu, zisizouzwa kamwe. Kodi pamoja na gharama za lifti, pampu, walinzi na taka isizidi asilimia 30 ya kipato. Kwa 18,000 hiyo ni 5,400. Gharama zisipotajwa, utasikia kodi ni 4,000 na lifti na pampu ni 3,000 juu yake.

MtuWaKisiwani
Shukran. Na wapangaji wa sasa?

HesabuZaKodi
Daftari kabla ya kuhama, mlango kwa mlango: nambari ya nyumba, jina, kitambulisho, miaka aliyokaa, picha ya risiti ya mwisho ya kodi. Kasoro mbili hujirudia. Mkataba una jina la marehemu, mjane hana karatasi. Au mwenye jina hakai hapo, kampangisha mwengine. Andikeni majina yote mawili, watatu washuhudie, nakala moja ibaki nje ya ofisi. Kisha kila mlango upate barua ya kurudi yenye ukubwa wa fleti, kodi, na tarehe ya mwisho, na isemwe nani atalipa kodi ya kwengine tarehe hiyo ikipita. Barua isiyo na tarehe musiitie sahihi.