MJADALA: Je, ni sawa chuo kikuu kumfundisha mwanafunzi kuandika kirusi cha kompyuta?

Wadau, salaam.

Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, kilitangaza somo la virusi vya kompyuta, yaani programu zinazojinakili na kujisambaza zenyewe, chini ya mwanasayansi John Aycock. Wanafunzi wangeandika virusi wenyewe, ndani ya maabara iliyofungwa. Baadhi ya watengenezaji wa programu za kinga walikuja juu: virusi vimejaa tayari, vya nini kuwafunza vijana kutengeneza vingine? Chuo kikashikilia kwamba kinga hujengwa na anayekielewa kile anachokizuia. Zaidi ya miaka 20 imepita na watu bado hawajakubaliana.

Mimi nasema wafundishwe, ila kwa sharti moja ambalo sioni likitajwa.

Turudi maabara ya kampuni ya Xerox, Palo Alto, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. John Shoch na Jon Hupp walikuwa na kompyuta za Alto zipatazo 100 zilizounganishwa kwa mtandao wa Etheneti, na usiku zilikaa bure. Wakaandika programu inayotafuta mashine isiyo na mtu, inaweka kipande chake humo, na vipande vyote vinawasiliana. Kimoja kikifa, vilivyobaki vinatafuta mashine nyingine. Wakaiita mnyoo, ndugu wa kirusi, ila husambaa wenyewe kupitia mtandao. Nia ilikuwa njema kabisa, kompyuta nyingi zifanye kazi kama moja. Usiku mmoja wakauacha mnyoo mdogo ukitembea wakaenda kulala. Asubuhi mashine zimezima jengo zima, na ukiiwasha moja, mnyoo unairudia na kuiangusha upya.

Kilichowaokoa ni kwamba tangu mwanzo waliuwekea mnyoo huo njia ya dharura. Wakatuma ujumbe mmoja mtandaoni wenye amri moja tu, kila kipande kisimame. Vikasimama vyote. Mwaka 1982 wakaandika makala na kueleza kisa hicho waziwazi, kosa lao likiwemo. Naiheshimu sana makala ile kwa hilo.

Sasa tarehe 2 Novemba 1988. Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachia mnyoo wake kwenye Intaneti. Mnyoo uliuliza kila mashine kama tayari umo. Morris aliogopa wasimamizi wangeidanganya programu kwa jibu la "ndiyo", basi akaamuru kwamba mara moja katika kila saba mnyoo uingie na kubaki hata ukijibiwa "ndiyo". Hesabu hiyo ilikuwa kubwa mno. Nakala zikarundikana mpaka mashine zikashindwa kupumua. Makadirio yaliyozoeleka ni mashine 6,000 kati ya 60,000 hivi. Amri ya kuusimamisha haikuwepo, na ujumbe wa kueleza jinsi ya kujikinga ulichelewa kwa sababu mtandao wenyewe ulikuwa umekwama. Mahakama ilimpa miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kutumikia jamii na faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, na alikuwa mmoja wa waliobuni Chord, mfumo wa mwaka 2001 unaoziwezesha kompyuta nyingi kutafutiana data bila kuwa na kiongozi.

Tazameni: katika visa vyote viwili hakuna aliyekusudia kuiba. Hofu kwamba mwanafunzi atahitimu awe mwizi ndiyo inayopigiwa kelele, lakini kilichoangusha mashine ni hesabu iliyokosewa, kwa Morris, na programu iliyoharibika, kule Xerox. Kwa hiyo sharti langu ni hili: kabla nakala ya kwanza haijatembea, mwanafunzi amwoneshe mwalimu amri ya kusimamisha ikifanya kazi. Akishindwa, asiwashe. Na maabara isiwe na hata waya mmoja wa kutoka nje.

Kukataza kabisa kunanikera, na sababu ni Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi. Mwaka 1983, Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alipewa ruhusa kujaribu kirusi chake kwenye kompyuta moja ya VAX. Kila jaribio kilipata mamlaka yote ya mfumo katika muda usiofika saa moja. Wasimamizi walipoona matokeo wakamzuia kuendelea. Tundu likabaki vilevile, aliyeondolewa ni mtu wa kulichunguza. Cohen huyohuyo alithibitisha kihesabu kwamba hakuna programu inayoweza kutambua virusi vyote bila kukosea. Basi tutaendelea kuhitaji watu wanaovijua kwa undani, na watu hao lazima wajifunzie mahali.

Wazo la kuachia "mnyoo mwema" mtandaoni ili urekebishe kompyuta za watu, hilo silikubali. Mnyoo Welchia wa Agosti 2003 ulikuja kuuondoa mnyoo mwingine, Blaster, ukaishia kuzibana mitandao kwa wingi wake wenyewe.

Mnaofundisha mitandao vyuoni, nawasubiri. Mngeruhusu somo hili? Na amri ile ya kusimamisha, nani aishike: mwanafunzi, mwalimu, au wote wawili?