Spea za Peugeot 504 ya mzee iliyoko Mwanza: naanzia wapi?

Habari za majukumu wanajumuiya.

Mzee wangu amestaafu, yuko Nyegezi. Peugeot 504 yake ya petroli imekaa chini ya mwembe tangu fundi wake alipofariki. Hataki kuiuza, na mimi sitaki aiuze. Huku Ujerumani naziona spea mtandaoni ila naogopa kununua kitu kisichoingia. Aliyepitia hili anisaidie.

---

Mwangaluka ndugu yangu,

Sisi ya kwetu iko Igogo na inatembea, spea nyingi nazituma kutoka huku Uingereza. Usimruhusu mtu akuambie hilo ni la kukatwa vyuma chakavu. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, kwenye barabara za Afrika Mashariki hii hii. Kutunza moja lililobaki nyumbani ni kazi ya maana.

Usilipie hata boliti kabla hujajua gari la mzee limefungwa nini. Peugeot walinunua vifaa kwa watengenezaji tofauti. Breki zinaweza kuwa za Girling, Teves au DBA. Kabureta ni Solex au Zenith. Gari mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na pedi zisizofanana kabisa. Ukiagiza "pedi za 504" muuzaji atakutumia alizonazo. Mwambie mtu wa nyumbani apige picha kibati cha chesisi, namba ya injini, na maandishi yaliyochongwa kwenye kalipa (kile kinachoshika pedi za breki) na kabureta, ayasugue kwa brashi ya waya kwanza yasomeke. Injini ikiwa XN1, ile ya lita 2, una bahati, kwa sababu Peugeot 505 nayo iliitumia na spea zake bado zipo.

Jambo la pili, uko Ujerumani, na gari za huko usukani uko kushoto. Steringi reki, dashibodi na mitambo ya wipa ya huko haitakufaa. Taa kubwa pia uwe mwangalifu, zimetengenezwa kumulika pembeni kulia, nyumbani zitawapiga machoni wanaokuja mbele. Vitu hivyo vitafute Kenya, Afrika Kusini au hapa Uingereza. Sedani ziliacha kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983, lakini Kenya waliendelea kuziunganisha hadi miaka ya 2000, kwa hiyo Nairobi ni karibu kuliko unavyofikiri.

Huko uliko nunua vya ndani ya injini. Injini hii ina slivu (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazozungukwa na maji, haichongwi silinda: unatoa slivu na pistoni za zamani, unaweka seti mpya. Chukua seti kamili pamoja na sili za chini ya slivu, na gasketi ya kichwa cha injini. Mpira wowote (sili za breki, hozi, bushi) nunua uliotengenezwa karibuni. Utaona "mpya, haijatumika" ya miaka ya themanini kwa bei nzuri. Mpira wa umri huo umeshakauka ndani ya boksi, na breki si mahali pa kubania pesa.

L'Aventure Peugeot, wanaoendesha jumba la makumbusho la Peugeot huko Sochaux, Ufaransa, huuza spea za magari ya zamani. Bei zao si za kitoto, ila kinachotoka kwao kinaingia.

Vidogo weka kwenye begi la mtu anayekuja likizo. Kabureta iliyotumika ioshwe ikauke kabisa, ikinukia petroli haipandi ndege. Vizito viende kwa kontena la pamoja hadi Dar, halafu basi. Weka risiti ndani ya mzigo, maana TRA watatoza ushuru na VAT ya asilimia 18, na bila risiti thamani watakadiria wao.

Bodi isikutishe. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi ya kula bati kama Tanga. Angalia tu chini ya milango na chini ya kapeti, maji ya mvua hutuama hapo.

---

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Mwanza mjini.

Naongezea kidogo: si kila kitu kiagizwe Ulaya. Bushi za chuma, pini, hata kusawazisha uso wa kichwa cha injini, mafundi wa mashine za kuchonga Nyakato wanafanya. Rejeta inazibuliwa na kuchomelewa hapa hapa. Za Nairobi, Kirinyaga Road ndiko waulizie, mzigo unapita mpaka wa Sirari na basi. Kazi ipo kwenye fundi. Vijana wengi wamezoea Toyota, wakikutana na kabureta hii wanataka kung'oa injini nzima waweke ya Corolla. Kaka, wakikushauri hivyo kataa.

Mtu asijaribu kuiwasha kwanza. Tangi limwagwe petroli ya zamani, oili ibadilishwe, injini izungushwe kwa mkono.

Nitumie namba ya mzee pembeni. Jumamosi napita Nyegezi, nitabeba tochi na brashi ya waya nikupigie hizo picha.