Ukumbi wa mtaa Tanga: mchango wa watu ununue sauti kamili ya diski, au uende kwenye spika?

Mwana wa Chumbageni (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kumbi ndogo za filamu hapa Tanga, zile zilizovuka hali ya kibanda umiza zikapata viti na projekta, zinachangisha wakazi ili zibadilishe mitambo ya sauti. Ubishi ni huu: mchango ununue deki ya Blu-ray na resiva inayosoma sauti isiyopunguzwa, au wabaki na filamu za intaneti na pesa ifanye kazi nyingine? Pesa ni ya wananchi, kwa hiyo tuijadili hadharani.

Mimi nasema inunue. DVD ilitubana kwenye Dolby Digital ya kilobiti 448 kwa sekunde kwa chaneli zote sita. Netflix inafika 640 kwa sauti ya 5.1 (chaneli tano na moja ya besi) na 768 kwa Atmos (ile inayotoka hadi juu ya kichwa), tena intaneti ikiwa nzuri. Ikiyumba inashuka yenyewe bila kukuuliza. Kwenye Blu-ray, Dolby TrueHD inaruhusiwa kufika megabiti 18 kwa sekunde na DTS-HD Master Audio 24.5. Na hizi mbili hazitupi kitu. Zinabana tu, zikifunguliwa kila biti iliyotoka studio inarudi ilivyokuwa.

Wanaosema ni mzigo mkubwa wapige hesabu. Chaneli 6 za biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, bila kubana kabisa, ni megabiti 6.9. Filamu ya saa mbili inakula gigabaiti 6.2. Diski ya tabaka mbili ina 50. Nafasi ipo na imeshalipiwa, kwa nini tusikilize kilichokatwa?

Fundi Makorora

Mkuu, hesabu yako haina kasoro. Kasoro iko mahali unapoipeleka. Ukumbi wa mabati, feni zikiwa kasi ya mwisho, una kelele ya desibeli 50 hivi kabla filamu haijaanza. Filamu hupimwa studio ili kilele cha spika moja ya mbele kiwe desibeli 105. Toa 50, unabaki na 55 za kuchezea. Biti 16 tu zina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa. Hizo 24 zako zina 144 kwa nadharia, feni imeshazimeza. Masika ikigonga mabati hata maneno hayasikiki.

Halafu spika. Wengi wanaleta za nyumbani, desibeli 88 kwa wati 1 ukiwa mita 1. Aliyekaa mita 6 anapoteza kama 15.5. Ukitaka afikiwe na kilele cha 100, wala si 105, unahitaji wati 570 kwa kila chaneli. Resiva ya nyumbani iliyoandikwa wati 100 inakata vilele, na twita, zile spika ndogo za milio ya juu, zinaungua. Spika ya ukumbini yenye 97 inafika palepale kwa wati 72. Kuta zinarudisha sauti kiasi, kwa hiyo ndani ya chumba hali ni nafuu kuliko hesabu hii ya uwanjani, ila tofauti ya spika hizo mbili inabaki vilevile. Anza na spika tatu za mbele za namna hiyo, hasa ya kati inayobeba mazungumzo. TrueHD ije baadaye kama pesa itabaki, na haitabaki.

Bi Raskazone

Fundi, kwenye spika tuko pamoja. Kwenye feni umeruka hatua. Kelele ya chumba inafunika sauti ndogo, lakini makosa ya kubana hayakai kwenye ukimya, yanapanda pamoja na sauti kubwa. Dolby Digital hugawa sauti vipande vifupi. Mlio wa ghafla ukitokea katikati ya kipande, makosa yanasambaa mpaka kabla ya mlio wenyewe. Ndiyo maana ngoma nzito haikuonyeshi tofauti yoyote, ila kayamba, makofi ya umati na kioo kinachovunjika vinaweza.

Fundi Makorora

Dada, ubanaji huo umetengenezwa makusudi ili makosa yafunikwe na mlio ulioyazaa. Kwa kilobiti 640, wa safu ya nne atayasikia?

Bi Raskazone

Hilo linapimika, tusilifanye la imani. Lakini kwanza kuna mtego unaowapoteza wengi. Njia ya sauti ya Dolby hubeba namba inayoeleza ukubwa wa mazungumzo. Ikiandikwa -27, resiva inaishusha sauti yote desibeli 4 ili ifuate kipimo cha -31. Njia nyingi za DTS hazishushwi. Mtu anabonyeza rimoti, DTS inasikika imejaa, anatoa hukumu. Alichosikia ni desibeli 4. Mtego wa pili: kulinganisha Dolby Digital na TrueHD za diski moja. Huenda zilichanganywa tofauti, hapo unapima kazi ya mchanganyaji.

Pima hivi. Chukua rekodi yenu wenyewe ya chaneli 6, WAV ya biti 24, iwe na kayamba na makofi. Kwa programu ya FFmpeg igeuze kuwa AC-3, yaani Dolby Digital, ya kilobiti 640, namba ya mazungumzo iwe -31. Kisha irudishe kuwa WAV ukiwa umeweka drc_scale kuwa 0, la sivyo vilele vinaweza kubanwa wakati wa kurudi. Faili iliyorudi inaweza kuchelewa sampuli 256, milisekunde 5 na kidogo. Zipange zianze pamoja, maana sikio litakamata mruko na wewe utadhani limekamata ubora. Zote mbili zipite HDMI kama PCM (sauti iliyokwisha kufunguliwa), kwenye resiva ileile, ukubwa usitofautiane zaidi ya desibeli 0.2. Mmoja ajifiche na rimoti, achague kwa kurusha shilingi. Mara 16. Msikilizaji akipatia 12 au zaidi kuna kitu amesikia, kwa sababu wa kubahatisha ana nafasi isiyofika 4 kwa 100. Na asikilize kutoka safu ya nne, kama Fundi anavyotaka.

Deki Barabara ya 12

Mnabishana kama tofauti inasikika, wakati kumbi zilizokwishanunua mitambo hiyo nyingi hazipati hiyo sauti kabisa. Watu wanalipia TrueHD wanasikiliza Dolby Digital ya kawaida mwaka mzima. Niwape panapoharibika.

La kwanza ni waya wa optiki, ule mwembamba wenye taa nyekundu. Hauwezi kubeba sauti isiyopunguzwa ya chaneli nyingi. Unabeba PCM ya chaneli 2, au Dolby Digital na DTS za kawaida. Ukiutumia na DTS-HD Master Audio, deki inatoa kiini chake tu, kilobiti 1,509 kwa sekunde, na nyongeza inayorudisha kilichokatwa inabaki ndani ya diski. Hakuna onyo lolote.

La pili ni kupitisha sauti kwenye TV. Deki inaenda TV, TV inarudisha kwa ARC kwenye resiva. ARC ya kawaida haina njia ya TrueHD. Ni eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, inayoweza, na lazima TV na resiva zote ziwe nayo. Dawa haina gharama: deki ichomekwe kwenye resiva, kisha resiva ndiyo ipeleke picha kwenye TV au projekta.

La tatu ndilo linalowaumiza zaidi, maana waya zote ziko sawa. Ndani ya deki kuna mpangilio wa sauti ya pili, wenyewe wanauita Secondary Audio au BD Audio Mix. Kazi yake ni kuchanganya maelezo ya mwongozaji na milio ya menyu. Ukiwa umewashwa, deki inafungua sauti, inachanganya, halafu inaibana upya kuwa Dolby Digital au DTS. Uzime. Sauti ya HDMI iwe Bitstream, yaani itumwe ikiwa bado imefungwa. Kioo cha resiva kisome TrueHD au DTS-HD MSTR. Kikisoma Dolby D, rudi kwenye menyu ya diski yenyewe, huenda umechagua lugha ambayo waliiwekea Dolby Digital tu.

Msiogope resiva ikisoma Multi Ch In. Hapo deki imefungua yenyewe na kutuma PCM, biti ni zilezile. PS3 za kwanza zilifanya kazi hivyo siku zote. Utakosa Atmos tu, kwa sababu ile inataka resiva ifungue mwenyewe.

Resiva ya mtumba: angalia kama HDMI yake inapokea sauti. Zipo za zamani ambazo HDMI ni ya kupitisha picha tu. HDMI 1.1 inatosha kwa PCM ya chaneli 8, na ya 1.3, iliyotoka 2006, inapokea TrueHD na DTS-HD zikiwa zimefungwa. Na waya wa HDMI wenye dhahabu hauongezi hata biti moja, ila huku pwani chumvi inakula vichwa vya waya, chomoa na ufute kila baada ya muda.

Kaole Pwani

Bagamoyo hapa. Nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe zina ukuta mnene usiopitisha kelele ya nje, jambo ambalo mabati yenu hayana, lakini ndani mwangwi unaua maneno. Kuta zikiwa mita 5 kutoka moja hadi nyingine, besi ya hezi 34 au 35 inasimama: pembeni inanguruma, katikati haipo. Ukiweka sabufa mbili, kila moja katikati ya ukuta unaoitazama nyingine, mawimbi hayo ya kwanza yanauana na watu wa katikati wanapata besi sawa na wenzao. Ukiongeza sauti ya sabufa moja unawaumiza wa pembeni tu.

Kwa mwangwi wa juu nyinyi watu wa Tanga mna katani mlangoni. Fremu ya mbao, nyuzi za katani au usumba unene wa sentimita 10, juu yake kitambaa chepesi kama kanga, itundikwe sentimita 10 mbali na ukuta. Mkeka haufai, ni mwembamba mno. Katani inashika moto, msiipitishe karibu na waya za umeme.

Mengine mawili. Diski za Blu-ray zina kanda: Afrika ni B, pamoja na Ulaya. Diski ya Marekani ni A, deki ya B inaweza kuikataa. Zile za 4K hazina kanda. Na hakuna aliyegusa sheria! Diski ya nyumbani ni ya nyumbani. Kuionyesha kwa umma, hata bila kiingilio, kunahitaji ruhusa ya mwenye haki chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na maonyesho yenyewe yanaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Bajeti isiyo na mstari wa leseni ni bajeti ya kufungiwa.

Singo za Ngamiani

Wakubwa, shikamooni. Wateja wengi wa kumbi hizi wanataka filamu iliyotafsiriwa. Singo zinauzwa stereo, sauti ya mtafsiri imelazwa juu ya kila kitu, milipuko inazama kila akifungua mdomo. Hapo TrueHD inamsaidia nani?

Bi Raskazone

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako ndilo linanifanya niegemee upande wa diski. Kwenye 5.1 mazungumzo mengi yanakaa chaneli ya kati. Mkiwa na ruhusa na mtafsiri yuko ukumbini, toeni kutoka resiva zile pato za awali (pre-out, sauti kabla ya kukuzwa) za kila chaneli. Ya kati ipite kwenye miksa, muishushe desibeli 10 hadi 12 anapoongea, maiki yake iingie hapohapo. Kushoto, kulia na nyuma haviguswi, milipuko inabaki. Ila angalieni resiva kabla ya kununua: nyingi za bei ya chini zina pato la sabufa peke yake.

Fundi Makorora

Dada, hilo linafanyika na Dolby Digital ya 640 vilevile. Chaneli ya kati ipo.

Bi Raskazone

Linafanyika. Tofauti ni kwamba ukishusha chaneli moja, unaondoa sauti iliyokuwa inafunika makosa ya zile nyingine. Ubanaji ulipimwa kwa mtu anayesikia chaneli zote kwa uwiano wake.

Fundi Makorora

Hiyo nakubali, ni hoja. Lakini deki zenyewe? Oppo waliokuwa wanasifiwa waliacha kutengeneza 2018. HD DVD ilikufa 2008, haikufika hata miaka miwili. Mitambo hii waja leo waondoka leo, na mwananchi ndiye anayechangishwa upya kila inapoondoka.

Mwana wa Chumbageni

Basi narekebisha pendekezo, liende mkutanoni hivi: leseni kwanza. Pili spika tatu za mbele na fremu za katani. Tatu resiva ya mtumba yenye HDMI ya sauti na pato la kila chaneli, pamoja na stebilaiza, kwa sababu umeme ukishuka na kupanda deki ndiyo inakufa ya kwanza. Nne deki ya Blu-ray, hata ya bei ya chini, maana ikituma Bitstream biti zake ni sawa na za deki ya gharama. Jaribio la mara 16 lifanyike kabla ya kulipia ya nne.

Fundi Makorora

Lifanyike feni zikiwa zimewashwa.

Bi Raskazone

Zikiwashwa na zikizimwa, mara 16 kila upande. Na Fundi asishike rimoti.