Kikundi: Ndege wa Buluu – Ukoo wa Mzee Kombo

*Ijumaa, 31 Oktoba 2025*

Rehema: Poleni nyote. Dodgers wametufunga Blue Jays wetu 3-1. Kesho mechi ya 7, ya mwisho ya World Series, fainali ya besiboli, saa 2 usiku, hapa hapa Toronto. Tunaangalia kwangu Scarborough. Nataka majina usiku huu.

Rehema: Tuko 14 humu, 11 mmeshasoma. Nawaona.

Bakari: Huku Dar kunakucha. Naomba nielezwe ule mpira aliopiga Barger wetu. Mkimbiaji wetu Straw alishafika beisi ya nyumbani kufunga, karudishwa beisi ya 3 kwa nini?

Zuhura: Kaka Bakari, mpira ulinasa chini ya pedi ya ukuta. Ukinasa umekufa, mchezo unasimama. Kila mmoja anapewa beisi 2 tu, zinahesabiwa kuanzia pale alipokuwa mrushaji alipoachia mpira. Straw alikuwa beisi ya 1, basi mwisho wake ni ya 3. Hata angezunguka uwanja mzima angerudishwa. Dean wa Dodgers alitumia akili sana, akainua mikono na hakuugusa. Angeuchomoa na kuutupa, waamuzi wangeweza kuuacha uendelee kuwa hai.

Juma: Mpira umejificha kama mdaiwa mwisho wa mwezi 😂😂

Neema: 😂😂😂

Hassan: Umetaja mdaiwa. Ile hela ya 2023 iko wapi?

Rehema: Hassan, siyo leo.

Hassan: Leo ndiyo. Watu 8, dola 60 kila mmoja, 480. Ilikuwa ya tikiti za raundi ya pili hapa nyumbani. Twins wakatutoa kwa mechi 2-0 kule Minneapolis, hiyo raundi hatukuifikia. Tikiti hazikununuliwa, hela haikurudi. Anko Sudi yumo humu na anasoma.

Juma: Umenikumbusha mrushaji wetu Berríos! Mitupo 47 tu, hajafungwa hata moja, kocha kamtoa iningi ya 4 kati ya 9!

Bakari: Akaingia Kikuchi. Nilizima simu.

Zuhura: Walitaka wapigaji wa mkono wa kushoto wa Twins wakutane na mrushaji wa kushoto kama Kikuchi. Hesabu ilikuwa ya kwenye karatasi, na Berríos siku ile alikuwa moto.

Rehema: NAOMBA MAJINA YA KESHO. Berríos wa 2023 hatamrushia mtu kesho.

Neema: Mimi na watoto 2.

Juma: Nipo. Naleta kuku.

*Jumamosi, 1 Novemba*

Rehema: Mpaka sasa ni Neema, watoto, Juma, Zuhura. Wengine 9 kimya. Sikilizeni utaratibu. Kwangu tunatumia kebo. Mnaoangalia kwa intaneti mnachelewa sekunde 30 hadi 40. Kwa hiyo MTU WA KEBO ASIANDIKE KITU HUMU mpaka mpigaji anayefuata aingie. Mechi ya 5 mtu kaandika "YESAVAGE 12!!!" wakati Bakari bado anasubiri mtupo wenyewe.

Bakari: Asante dada. Kuwatoa wapigaji 12 kwa straiki auti, rekodi ya mrushaji wa msimu wa kwanza kwenye World Series, nikaisoma kabla ya kuiona. Huku mechi inaanza saa 9 usiku, mtu umekesha kwa ajili ya mtupo mmoja.

Zuhura: Ninaleta karatasi za kuandikia mechi, nakala 10, na penseli. Kalamu ya wino hapana, uamuzi ukibatilishwa utachafua kisanduku. Chapisheni kurasa mbili kila mtu. Mechi ya 3 ilikwenda iningi 18, karatasi moja ikajaa nusu ya safari.

Neema: Wifi, ule mwisho wa jana unaandikwaje? Niliacha wazi.

Zuhura: 7-4. Namba ni za nafasi, siyo za jezi. 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 beisi ya 1, 4 beisi ya 2, 5 beisi ya 3, 6 shotistopu kati ya beisi ya 2 na ya 3, 7 uwanja wa nje kushoto, 8 katikati, 9 kulia. Hernández wa kushoto kaudaka ule wa Giménez, hiyo auti ya pili, 7. Akautupa kwa Rojas beisi ya 2, Barger alishatoka mbali na hakuwahi kurudi. Kwenye kisanduku cha Giménez andika F7 (F ni mpira uliodakwa angani), cha Barger andika 7-4, halafu uviunganishe kwa mstari mmoja.

Juma: Kuku wa pilipili au wa kawaida?

Rehema: Juma!!!

Juma: Wa pilipili basi.

*Jumamosi, usiku*

Juma: BICHETTE!!!! HOMURANI!!! 3-0

Bakari: Juma jamani, kwangu bado Ohtani wa Dodgers anafuta mkono.

Rehema: Juma nakunyang'anya simu.

Zuhura: Ohtani karusha baada ya kupumzika siku 3 tu. Ule mtupo ulibaki juu katikati, hauna makali, ndiyo maana Bichette kaupiga nje ya uwanja.

*(saa 2 na zaidi baadaye)*

Bakari: Homurani ya Rojas wa Dodgers. Auti moja, iningi ya 9. Rojas, jamani.

Neema: 4-4. Sebule nzima imenyamaza.

*Jumapili, 2 Novemba*

Bakari: 5-4, iningi 11. Huku saa 1 na robo asubuhi, jua limetoka. Sina neno.

Hassan: Mkimbiaji wetu Kiner-Falefa ametuua. Beisi zimejaa, auti moja, iningi ya 9, yeye yuko beisi ya 3 amesimama hatua mbili. Angesogea hatua nyingine mbili tunashangilia mpaka leo.

Juma: Hata mimi ningefika.

Neema: Halafu mdakaji mguu ulinyanyuka, mbona wamempa auti?

Zuhura: Ulinyanyuka ukarudi. Beisi zikijaa mdakaji hahitaji kumgusa mkimbiaji, mguu ukanyage beisi na mpira uwe mkononi kabla hajafika. Video imeonyesha uliwahi kurudi.

Hassan: Bado. Kwa nini asisogee?

Babu Kombo: Hassan.

Babu Kombo: Yule kijana aliambiwa na makocha akae karibu na beisi. Muncy, mlinzi wao wa beisi ya 3, alikuwa karibu naye. Mpigaji wetu Varsho angepiga mpira wa moja kwa moja ukadakwa pale, anafungiwa beisini kama Barger juzi na iningi imekwisha. Mmeona ya Barger kwa macho yenu, na siku ya pili mnamtukana aliyefundishwa kutokana nayo. Msimtaje tena kwa ubaya humu.

Neema: Shikamoo Babu.

Tatu: Shikamoo Babu.

Mwajuma: Shikamoo Babu. Ni kweli.

Bakari: Shikamoo Babu. Tumesikia.

Babu Kombo: Marahaba wote. Na Sudi, ile hela ya watoto iwe imerudi kabla ya tikiti nyingine kutajwa katika kikundi hiki. Nimemaliza.

*Alhamisi, 6 Novemba*

Bakari: Je, Bichette anabaki?

Zuhura: Kuanzia leo jioni klabu yoyote inaruhusiwa kumsainisha. Jays wamempa ofa ya mwaka mmoja, dola milioni 22.025, ana mpaka tarehe 18 kujibu. Atakataa, na ofa yenyewe ni ya kulinda haki. Akiikataa na akasaini kwingine, Jays wanafidiwa nafasi ya kuchagua chipukizi. Habari njema ni mrushaji Bieber, amechukua milioni 16 zake, anabaki.

Juma: Kumbe usajili wao ni kama wa Simba na Yanga tu.

Zuhura: Hapana, hapa hakuna dirisha linalofungwa. Mtu anaweza kusaini Novemba au Februari. Ndiyo maana majira haya ya baridi yanachosha, kila siku unafungua simu na hakuna kitu.

*Alhamisi, 27 Novemba*

Bakari: MRUSHAJI CEASE KAJA KWETU! Miaka 7, milioni 210! 🔥

Zuhura: Mzuri sana kwa straiki auti. Tatizo lake ni matembezi, anatoa beisi za bure nyingi, mitupo inamwishia iningi ya 5 au 6. Benchi la warushaji lazima liwe na pumzi.

*Jumamosi, 17 Januari 2026*

Neema: Bo Bichette kaenda Mets. Miaka 3, milioni 126. Mwanangu amevaa jezi yake tangu asubuhi, hataki kuivua.

Bakari: Okamoto amekuja, miaka 4 milioni 60. Beisi ya 3 imepata mtu. Lakini Bo ni Bo.

Rehema: Haya. Dodgers wanakuja hapa tarehe 6 hadi 8 Aprili. Jumatatu ya tarehe 6 ni Pasaka ya pili. Nataka viti 8 pamoja, ngazi ya 500, nyuma ya mdakaji. Msiniambie uwanja wa nje. Kule unaona homurani tu, mtupo hujui umeingia ndani au umetoka. Paa litakuwa limefungwa, makoti mazito acheni. Viti 8 mstari mmoja havisubiri siku ya mwisho, siku ya mwisho unapata viwili viwili. Na mkumbuke mkataba wa wachezaji na ligi unaisha tarehe 1 Desemba mwaka huu. Wakifungiana milango, 2027 tutakuwa tunaangalia theluji.

Rehema: Majina.

Hassan: Babu alisema nini?

Rehema: Najua alichosema.

Hassan: Basi tusitaje tikiti.

Sudi: Shikamoo Babu. Nimetuma 240 kwa Rehema asubuhi hii. Iliyobaki mwisho wa Februari.

Rehema: Imeingia, ni kweli. Neema, Juma, Zuhura na Tatu nawarudishia leo leo. Hassan na wenzako watatu mnasubiri.

Hassan: Kwa nini mimi wa pili?

Juma: Umewekwa beisi ya 3, usisogee 😂

Babu Kombo: Nusu siyo hela.

Rehema: Sawa Babu. Sinunui kitu. Ila Zuhura uwe unaangalia bei kila Jumatatu, uniandikie pembeni.

Zuhura: Sawa. Tarehe 6 au 7?

Tatu: Jamani nimeona sasa hivi. Mechi ya 7 tunaangalia kwa nani?