Mrejesho: skrini za kanisa letu Kayole

Bwana asifiwe wapendwa. Mwezi wa tatu niliuliza hapa: kanisa letu la mabati, Kayole hapa Nairobi, watu kama 150, tununue projekta au runinga? Kwa ile projekta ya zamani, maneno ya nyimbo hayakuwa yakisomeka ibada ya pili, jua likishaingia madirishani.

Niliwafuata waliosema runinga. Tulienda Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki mjini, tukachukua mbili za inchi 65, tukazifunga pande zote mbili za madhabahu, juu kupita vichwa vya waliosimama. Sasa hata saa tano jua likiwaka, shosho wetu wa kiti cha nyuma anaimba beti zote bila kumuuliza jirani. Hilo lilinitoa machozi. OpenLP, ile programu ya kompyuta ya kuonyesha maneno ya nyimbo, nayo ni ya bure kweli, na vijana waliishika kwa Jumamosi moja tu.

Kilichotusumbua ni kebo. Ile ya HDMI ya mita 20, inayotoa picha kwenye kompyuta hadi runinga, ilifanya picha ikatikekatike. Uliyenionya kwamba ikipita mita 15 hivi picha huanza kusumbua, niwie radhi, ulisema kweli. Tumeweka ekstenda zinazopitisha picha kwenye waya wa mtandao wa Cat6, na imetulia. Stima ikipotea bado tunakwama. Pesa za betri tunazichanga.

Asanteni sana, Mungu awabariki.